Nikifuata Nyayo za Chikungunya, Newala hadi Lamu

Newala

Alfajiri huwezi kuuona mto Ruvuma ukiwa Newala. Ukungu hupanda kutoka bondeni ukafunika mteremko wote wa Shimo la Mungu, na aliyesimama ukingoni haoni chini ila weupe mtupu. Jua likisogea kidogo ukungu hukatika vipande vipande, bonde likajitokeza: vichaka, mashamba, mto kwa mbali, na ng'ambo yake Msumbiji. Nilikaa pale mpaka jua lilipoanza kuchoma, kwa sababu ukingoni pale mtu huelewa kwa macho habari ya maji ya Uwanda wa Makonde. Watu wako juu. Mvua ikinyesha, ardhi huinyonya mara moja. Chemchemi ziko chini kabisa ya mteremko.

Bibi mmoja alinikaribisha kibarazani kwake, kivulini mwa mkorosho. Alikuwa amechemsha ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa sana Mtwara na Lindi. Tuliila ingali na moto, kwa chumvi, pamoja na korosho alizozikaanga mwenyewe. Nilimwuliza walivyokuwa wakipata maji alipokuwa mtoto.

"Tulikuwa tunaondoka usiku, mjukuu wangu," alisema. "Unashuka na mtungi mtupu, unapanda nao umejaa, jua limeshatoka. Maji ya namna hiyo huyamwagi. Unayaweka ndani ya nyumba, unachota kwa kata, na siku mbili tatu hushuki tena."

Safari yangu yote ilitokana na mtungi huo. Mwezi Julai 1952 homa ngeni iliingia katika vijiji vya uwanda huu. Mtu aliyelala mzima aliamka hawezi kunyanyuka kitandani. Magoti, vifundo vya miguu na viwiko vilimkaza kwa maumivu, na baada ya siku chache vipele vikamtoka mwilini. Daktari Marion Robinson aliwachunguza wagonjwa na kuandika dalili zao kwa makini, na W.H.R. Lumsden, aliyetoka katika taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, alizunguka vijijini kuchunguza namna ugonjwa ulivyoenea. Taarifa zao zilichapishwa 1955. Mtuhumiwa alikuwa mbu aina ya Aedes aegypti, anayeuma mchana na kupenda kutaga mayai kwenye maji yaliyohifadhiwa nyumbani. Nchi isiyo na kidimbwi cha maji ikapata ugonjwa wa mbu, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na kidimbwi chake ndani ya mtungi.

Mwaka 1953 virusi vyenyewe vilipatikana katika damu ya mgonjwa, na mtafiti R.W. Ross akavieleza. Ugonjwa ukapewa jina la Kimakonde, chikungunya. Virusi vya mgonjwa huyo mmoja vimeendelea kuzalishwa katika maabara za dunia hadi leo, na jenomu yao, yaani maelekezo yao yote ya kurithiwa, ndiyo alama ya kwanza ya njia niliyokusudia kuifuata. Mgonjwa mwenyewe hatajwi popote. Nilipokuwa nikitembea sokoni Newala, kati ya mafungu ya mihogo na magunia ya mbaazi, niliwatazama wazee na kuwaza kwamba huenda mjukuu wake yumo humu, na hajui ni kiasi gani cha elimu ya dunia kilichotokana na damu ya babu yake au bibi yake.

Dar es Salaam nilipita tu. Jiji hilo lilipigwa na homa ya dengue mwaka 2014, na tena 2019, na yeyote aliyekuwapo anakumbuka foleni za hospitali. Dengue huenezwa na mbu yule yule, lakini ina historia yake, inayostahili masimulizi yake yenyewe.

Unguja

Mji Mkongwe niliuingia asubuhi, wakati wauza kahawa wanapogonganisha vikombe. Nilikuja kwa ajili ya daktari wa karne ya 19, James Christie, aliyekuwa akitibu hapa wakati kisiwa kilipokumbwa na homa ya viungo mwaka 1870. Christie aliwasikiliza wazee. Walimwambia kwamba ugonjwa huo wanaujua: uliwahi kupita yapata mwaka 1823, na walikuwa na jina lake, kidinga pepo. Aliyaandika yote hayo, na kwa miaka mingi vitabu vikasema ilikuwa dengue. Mwaka 1971 mtaalamu aitwaye Carey aliyasoma upya maelezo yale, akaona maumivu ya viungo yanayodumu muda mrefu, akasema hapana, hii inafanana zaidi na chikungunya.

Nani yuko sahihi? Nilikaa Forodhani jioni na bakuli la urojo, majahazi yakiingia na upepo wa kusi, nikalitafakari swali hilo. Majahazi ya zamani yalibeba maji ya kunywa ndani ya mapipa na matangi ya mbao, na mbu walizaliana humo safarini. Bandari hii ilikuwa na watu wa Maskati, Bombay, Ngazija, Kilwa na bara. Mazingira yote ya ugonjwa kusafiri yalikuwapo. Lakini hakuna hata tone moja la damu ya mwaka 1870 lililohifadhiwa, kwa hiyo ubishi kati ya Christie na Carey utabaki ubishi. Dalili peke yake hazitoshi: dengue, chikungunya na malaria huanza kwa homa ile ile na kichwa kile kile.

Mombasa na Rabai

Mombasa nilifika wakati wa joto. Mji wa Kale una vichochoro ambavyo jua haliingii, na kwenye kimoja nilikula mahamri na mbaazi kwa mama mmoja ambaye, aliposikia ninachokifuatilia, aliacha kukanda unga akanionyesha viganja vyake.

"Ile ya elfu mbili na kumi na nane ilinishika mimi, mwanangu. Miezi mitatu sikuweza kufungua kifuniko cha chupa. Unga alikuwa akikanda binti yangu. Dukani walinipa dawa ya malaria, nikameza yote, wapi!"

Nilimwuliza kama alipimwa damu. Alipimwa malaria, haikuonekana, akarudi nyumbani. Nyuma yake, ukutani, mitungi ya plastiki ya lita 20 ilikuwa imepangwa mistari miwili. Maji huletwa na mikokoteni pale bomba linapokauka, na bomba hukauka mara nyingi. Plastiki imechukua nafasi ya udongo, lakini ni mtungi ule ule wa Newala.

Kutoka Mombasa nilipanda kwenda Rabai, mahali wamisionari Krapf na Rebmann walipoweka misheni yao mwaka 1846. Watu wengi huja kuona kanisa na jumba la makumbusho. Mimi nilivutwa na msitu wa kaya na nyumba zilizo kando yake, kwa sababu Rabai ina sifa kubwa miongoni mwa wachunguzi wa mbu. Tangu miaka ya 1970 watafiti walieleza kwamba hapa kulikuwa na Aedes aegypti wa namna mbili, wakiishi mita mia chache tu baina yao. Mmoja mweusi, wa msituni, akizaliana kwenye mashimo ya miti na kupenda damu ya wanyama. Wa pili mwenye rangi ya kahawia iliyofifia, aliyezaliana kwenye mitungi ya ndani ya nyumba na kumtafuta binadamu. Mwaka 2014 kundi la Carolyn McBride, likitumia mbu waliotokana na wale wa Rabai, lilionyesha kwamba kupenda harufu ya binadamu kunahusiana na jeni iitwayo Or4, inayomwezesha mbu kunusa kemikali iliyo nyingi katika harufu ya miili yetu.

Kijana anayefanya kazi ya kukusanya viluwiluwi alinionyesha pipa nyuma ya nyumba moja. Alizamisha kata nyeupe polepole, bila kivuli chake kuangukia maji, kwani kivuli kikipita tu wote huzama. Walipanda ndani ya kata, wembamba, vichwa chini na mikia juu, wakipumulia kwenye uso wa maji. Ndani ya chupa yenye kitambaa juu alikuwa na mbu wakubwa. Niliipeleka chupa karibu na jicho. Miguu ina pingili nyeusi na nyeupe. Mgongoni kuna mistari miwili myeupe iliyopinda pembeni na mingine miwili myembamba katikati. Ni mdudu nadhifu. Alinieleza kwamba wale wanaokamatwa na mitego hupangwa juu ya kitu chenye barafu ili walegee, wakatenganishwa kwa aina na kwa mahali, kisha wakasagwa kwa mafungu na kupimwa kama wana virusi. Kwa njia hiyo ugonjwa unaweza kuonekana ndani ya mbu kabla haujajaa mahospitalini.

Kilifi

Daraja la Kilifi linavuka mkono wa bahari ulio na maji ya buluu iliyokolea, mashua zimetia nanga chini, na mibuyu mikubwa imesimama kandokando. Mji ni mdogo na mpole. Ndani yake kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanza mwaka 1989 jirani na hospitali, na sasa kimekuwa mahali ambapo jenomu za virusi husomwa na watu wa hapa hapa. Wakati wa UVIKO-19 dunia ilikuwa ikisubiri takwimu kutoka kila pembe, na Kilifi ilikuwa ikisoma virusi vya Kenya.

Fundi wa maabara mmoja, mwanamke mwenye subira ya mwalimu, alinieleza hatua kwa hatua. Damu ya mgonjwa hutenganishwa. RNA ya virusi hutolewa, ikageuzwa kuwa DNA, kisha ikazidishwa vipande vipande vinavyopandana ncha, ili hata virusi vikiwa vichache jenomu nzima iweze kuunganishwa baadaye. Kila mgonjwa hupewa alama yake ya kikemikali, sampuli nyingi zikachanganywa na kusomwa pamoja. Kifaa kimojawapo cha kusomea kinaenea kiganjani. Uzi wa DNA hupita kwenye tundu dogo sana, mkondo wa umeme hubadilika kila sehemu inapopita, na kompyuta hugeuza mabadiliko hayo kuwa herufi.

Jenomu ya chikungunya ina herufi zipatazo 11,800. Virusi vikijinakili hukosea, na makosa mengine hubaki na kurithiwa, herufi chache kila mwaka. Kwa hiyo virusi viwili vyenye makosa yale yale vina asili moja, na wingi wa tofauti baina yao hutoa makadirio ya lini viliachana. Hapo ndipo mti wa ukoo huchorwa. Niliuona kwenye kioo cha kompyuta, matawi yake yakiwa na rangi tofauti kwa kila nchi.

Aliniwekea kidole kwenye tawi moja. "Hapa ni Lamu, 2004," alisema, akakisogeza kidole taratibu.

Kutoka Lamu na Mombasa virusi vilivuka hadi Ngazija mwanzoni mwa 2005. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wakazi wa kisiwa hicho waliambukizwa. Vikaenda Réunion, na huko, kati ya 2005 na 2006, watu wapatao 266,000 waliugua, yaani theluthi moja ya kisiwa. Wanasayansi wa Ufaransa waliosoma jenomu za Réunion waligundua kitu. Virusi vya mwanzo wa mlipuko vilikuwa vya kawaida. Kuanzia Septemba 2005 vikaonekana vyenye badiliko moja katika protini ya ganda, lililoandikwa A226V, na muda si mrefu hivyo ndivyo vilivyotawala. Mwaka 2007 majaribio ya maabara yalithibitisha sababu: badiliko hilo huvisaidia virusi kustawi ndani ya Aedes albopictus, mbu aliyejaa Réunion. Herufi moja iliyobadilika ikavipa virusi mchukuzi mpya, anayestahimili hata nchi za baridi. Mwaka huo huo wa 2007 chikungunya ililipuka kaskazini mwa Italia, katika kijiji cha Castiglione di Cervia, ikiwa imeletwa na msafiri aliyetoka Kerala, India. Ulaya haikuwa imewahi kuona mlipuko wa namna hiyo.

Kidole cha yule dada hakikuishia Italia. Kilirudi. India ilikuwa imeshikwa na chikungunya ya ukoo huu tangu 2005, na huko mabadiliko mengine mawili yaliibuka, E1:K211E na E2:V264A, yanayodhaniwa kuvifaa zaidi virusi ndani ya Aedes aegypti, mbu wetu wa mitungi. Mwaka 2016 Mandera, kaskazini-mashariki mwa Kenya, ililipuka. Jenomu zilipofunguliwa, mabadiliko yote mawili yalikuwamo. Yalionekana tena Mombasa katika mlipuko wa 2017 na 2018, ule uliomfanya mama wa mahamri ashindwe kufungua chupa. Virusi viliondoka pwani hii, vikazunguka bahari nzima ya Hindi, vikarejea vimebadilika. Bila jenomu tungedhani ni ugonjwa ule ule wa zamani uliokuwa umelala kwetu, na mpango wa kujikinga ungeelekezwa pasipostahili.

Nilimwuliza kuhusu tawi moja refu lisilo na vijitawi. Alinijibu kwamba hiyo ni miaka ambayo virusi vilikuwa vikitembea mahali fulani na hakuna aliyechukua sampuli. Ramani ya jenomu huonyesha kwanza nchi zilizopima, na penye ukimya mtu asiseme hapana ugonjwa. Tena akaongeza jambo ambalo sikulijua kabla ya siku hiyo, na ambalo naliona ndilo kubwa kuliko yote niliyoyasikia njiani: virusi hivi hukaa kwenye damu kwa siku chache tu za mwanzo, yapata wiki moja. Mgonjwa akichelewa, kinachobaki ni kinga ya mwili. Kinga hiyo itathibitisha kwamba aliugua, lakini jenomu imekwisha kupotea.

Lamu

Lamu unaingia kwa maji, na kitu cha kwanza kukupokea ni punda. Hakuna magari katika mji huu wa mawe. Vichochoro vina upana wa punda mmoja na shehena yake, milango imechongwa, na harufu ya udi inatoka madirishani kabla ya magharibi. Nilikula mkate wa mofa na samaki wa kupaka kwa wenyeji walionipa chumba cha juu, chenye upepo wa bahari.

Mzee wa nyumba hiyo aliikumbuka vizuri 2004. "Mji wote ulilala, mwanangu. Msikitini, imamu anasali kwa kukaa, na nyuma yake safu nzima imekaa. Kurukuu ni taabu, kusujudu ni taabu. Punda walizurura bila mchungaji."

Uchunguzi wa damu uliofanywa baada ya mlipuko ule ulikadiria kwamba robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Tena haukuwa mwaka wa mvua. Miezi iliyotangulia ilikuwa mikavu na yenye joto lisilo la kawaida, na watafiti waliona uhusiano: maji yalipoadimika, watu walijaza kila chombo na kukaa nayo siku nyingi bila kuyabadilisha. Wengi wetu tumezoea kuhusisha mbu na masika. Lamu 2004, kama Newala 1952, ilikuwa habari ya uhaba wa maji.

Mzee alinichukua hadi kwenye birika la zamani la nyumba yake, pembeni mwa choo cha juu. Ni tangi dogo lililojengwa kwa mawe na chokaa, na chini, sakafuni mwake, imepachikwa bakuli ya kauri ya Kichina yenye maua ya buluu. Aliniambia niangalie. Samaki wadogo wawili walikuwa wakizunguka. Maji yakipungua, samaki hukimbilia ndani ya bakuli na kubaki hai mpaka birika lijazwe tena. Kazi yao ni kula viluwiluwi. Nilisimama pale kwa muda mrefu. Wajenzi wa nyumba hizi walijua kwamba maji yaliyotuama ndani ya nyumba yanahitaji mlinzi, na wakamjengea makazi yake. Matangi ya plastiki yaliyoko sasa juu ya mapaa hayana samaki, na mengi niliyoyaona hayakuwa na mfuniko.

Asubuhi ya mwisho nilikwenda kwa miguu hadi Shela, kwenye vilima vya mchanga. Mvua ya Lamu hunywewa na mchanga huo na kuhifadhiwa chini yake, na visima vya hapo ndivyo vinavyounywesha mji. Kutoka kileleni unaiona bahari ambayo virusi viliivuka mwaka 2005.

Sasa nina ombi kwa msomaji wa pwani, awe wa Mtwara, Tanga, Kwale au Lamu. Funika maji yako, na vyombo visivyofunikika uvimwage na kuvisugua kila wiki, kwa sababu mayai hugandia ukutani mwa chombo. Na homa ikikushika pamoja na maumivu ya viungo, usijitibu malaria nyumbani siku saba. Nenda kituo cha afya siku ya kwanza au ya pili, malaria isipoonekana uliza kuhusu chikungunya na dengue, na ukiombwa damu kwa ajili ya uchunguzi huo, itoe. Kwa viongozi wa afya wa wilaya na kaunti: mashine za kusomea jenomu tunazo Afrika Mashariki, na wataalamu tunao. Vipeni vituo vya vijijini jokofu na njia ya kufikisha sampuli maabara wakati virusi vingali ndani ya damu.